Barua Inayohusu Samaki Tu

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni kwangu, mkono juu ya komeo, namtazama mtu niliyemuua.

Kwa yule aliyekosa gazeti: mtu huyo ni Hannibal Tregaskis, mume wa dada yangu Ebbet. Miaka miwili nyuma baharia mmoja alinijia hapa Flushing, akaniambia meli ya Hannibal imepigana na Wafaransa, na Hannibal, nadhani, ameanguka baharini. Alisema "nadhani." Mimi nikamwandikia dada yangu, mpishi katika nyumba ya mfanyabiashara wa mvinyo huko Lisbon. Neno "nadhani" sikuliandika. Niliona litamtesa bure.

Ebbet akavaa nyeusi. Alilia, akanyamaza, na mwaka huu akakubali posa ya Amos Hext, fundi mapipa Mwingereza wa ghala la mvinyo la bwana yule yule. Harusi ni Sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe kumi na moja Novemba.

Na sasa marehemu ameketi jikoni kwangu, anakula mkate wangu wa zafarani. Ametoroka gereza la Wafaransa, amekonda, pingu zimemwachia vidonda mikononi, na swali lake la kwanza ni hili:

"Shemeji, mke wangu yuko wapi?"

Nilimweleza yote. Hata ile "nadhani." Hakunipiga. Heri angenipiga.

"Meli ya barua ya Lisbon inaondoka lini?" aliuliza.

"Kesho Ijumaa, saa nane mchana."

"Na nyingine?"

"Ijumaa ijayo. Safari ni siku nane upepo ukikubali. Hiyo itafika harusi imeshaliwa."

"Mke wangu aolewe na mume wa pili, mimi niko hai?" Alisukuma sahani. "Andika, Keziah. Ulivyoniua, nifufue."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Sikilizeni yaliyonipata Ijumaa.

Kutoka Flushing hadi Falmouth ni kuvuka maji tu, hata uji haupoi. Siku hiyo upepo ulitukataa. Mvushaji alipiga makasia, akatukana, akapumzika, akatukana tena. Nilipofika kwenye dirisha la barua, kengele ya saa nne, saa ya kufunga mfuko wa barua, ilikuwa imelia kitambo kidogo. Kidogo tu!

Ndani alikuwa Bwana Cuttance, karani wa barua. Mbele yake, juu ya meza, mfuko wa Lisbon.

"Umefungwa," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Bwana Cuttance, si huo hapo mezani? Nauona!"

"Na lakiri yake unaiona?"

"Naiona."

"Basi umeona kwamba umefungwa."

"Bandua, tia hii moja, funga tena. Lakiri bado laini. Nitakushikia mshumaa."

"Mfuko wa Mfalme si kapu la nguo chafu, Keziah."

"Kapu la nguo chafu nalijua. Zako nimezifua juzi, na sikuzitangaza."

Akavuta pua. Hakucheka.

"Bwana, mke wa mtu anakwenda kuolewa! Mume wake hakufa!"

"Hilo ni jambo la kanisa. Mimi kazi yangu ni barua."

"Hii si barua?"

"Ni barua ya Ijumaa ijayo." Kisha akanyosha kidole. "Tena sikiliza. Ukimpa baharia aifiche, hilo ni kosa. Melini barua hukaa mfukoni, si pengine popote. Leo napekua mwenyewe. Soksi kwa soksi."

Dirisha likafungwa. Nilibaki nikitazamana na ubao.

Nilikimbia mpaka gatini. Mashua ya meli ilikuwa inapakia, na Mzee Sampson Odgers, mshona tanga, alikuwa amekaa juu ya sanduku lake anavuta kiko. Huyu ndiye aliyebeba barua yangu ya kwanza, ile ya msiba. Aliibeba ndani ya soksi, na hakuna aliyemuuliza neno.

"Mzee Sampson, nisaidie."

Alinitazama mkono, akaona karatasi, akageuka upande wa pili.

"Hapana, mwanangu."

"Sijasema!"

"Mkono umesema. Zamani mpekuzi alikuja melini akapekua chupa ya ramu, akaridhika, akaenda zake. Huyu Cuttance hanywi. Juzi kamvua mpishi wetu mpaka mkanda wa ngiri."

"Ni karatasi moja."

"Moja inatosha. Wakinikuta nayo, nashushwa melini papo hapo na kunyang'anywa karatasi ya kinga. Halafu?" Alielekeza kidevu kwenye mlango wa baa, ambako luteni wa wakamataji aliketi na watu wake wanne, wakingoja baharia yeyote asiye na karatasi wampeleke manowari. "Nina miaka hamsini na sita. Nikafie kwenye mizinga kwa sababu ya harusi?"

Niliikunja ile karatasi kiganjani kwa hasira. Uongo wangu ulisafiri bure mpaka Lisbon ndani ya soksi yenye joto. Ukweli umekosa hata kiatu cha kuingia!

Mzee Sampson alinionea huruma. Aligonga kiko.

"Ila mzigo naruhusiwa. Kila mmoja wetu ana bidhaa yake ndogo ya kuuza ng'ambo. Na barua inayofuatana na mzigo, ikiwa wazi, bila lakiri, ikahusu mzigo huo tu, haina kosa. Huyo anakuja, muulize."

Kweli, Bwana Cuttance alikuwa anashuka gatini, mfuko nyuma yake umebebwa na watu wawili, maana ndani hutiwa vyuma uzame haraka Mfaransa akitokea.

"Bwana Cuttance! Barua inayokwenda na mzigo ni halali?"

Mngemwona! Uso ulimfunguka kama mtu aliyeulizwa habari za mtoto wake.

"Halali kabisa. Iwe wazi. Ifuatane na bidhaa. Ihusu bidhaa. Isizidi neno."

"Nisubiri!"

"Simsubiri mtu. Nikimaliza kupekua, mashua inaondoka."

Pale pale gatini kuna ghala la samaki la Bi Thomasine Uren. Niliingia mbio.

"Bi Uren, nipe kipipa cha samaki wa chumvi. Kidogo kuliko vyote."

"Umepatwa na nini, mwanamke? Unahema kama umefukuzwa na fahali."

"Cha dada yangu Ebbet. Hannibal yu hai!"

Bi Uren alikaa chini juu ya gunia. Kisha akainuka akanisukumia kipipa kwa mguu. "Chukua. Nenda. Kalamu iko kwenye dawati, wino uchanganye na maji."

Nililaza karatasi juu ya mfuniko, nikaandika:

*Dada Ebbet, pokea samaki hawa. Hannibal yu hai. Usiolewe.*

Bwana Cuttance aliisoma kwa sauti, mbele ya mabaharia, wapagazi na wanawake wa ghala waliotoka kutazama.

"'Pokea samaki hawa.' Vizuri. 'Hannibal yu hai.'" Alinitazama. "Hannibal ni samaki?"

Gati zima likacheka.

"Ni mume wa dada yangu."

"'Usiolewe.' Nani asiolewe? Samaki?"

"Mwulize kama ana mchumba!" mpagazi mmoja alipiga kelele.

Bwana Cuttance akakata mstari wa pili. Akakata wa tatu. Alinirudishia karatasi ikiwa na samaki peke yao.

"Hii inaweza kwenda."

"Ikamwambie nini?"

"Kwamba ametumiwa samaki."

Nilitaka kumtupa majini na saa yake mfukoni. Badala yake nilirudi kwenye dawati, nikachukua karatasi nyingine, nikauma kalamu mpaka ikapasuka. Inahusu samaki tu. Haya. Nitamwandikia habari za samaki.

*Dada Ebbet, pokea samaki hawa. Wametiwa chumvi wiki hii na mumeo Hannibal Tregaskis.*

Bwana Cuttance alisoma mara moja. Akasoma tena, polepole, kidole kikitembea. Nilishika kipipa kwa mikono miwili.

"Aliyetia chumvi," alisema, "anahusu bidhaa."

"Anahusu!"

"Na wakati wa kutia chumvi unahusu bidhaa."

"Sana!"

Akachovya kalamu aweke sahihi yake. Hapo ndipo nilipomsikia Bi Thomasine Uren nyuma yangu.

"Nani katia chumvi?"

"Bi Uren," nilinong'ona, "nakuomba."

"Hannibal? Mwanaume? Samaki hao nimewatia chumvi mimi, mwezi wa nane, kwa mikono hii! Hakuna mwanaume aliyegusa samaki ghalani kwangu tangu mama yangu alifungue!"

Wanawake wake wakapiga makofi. "Mwambie!"

Jamani. Nimezaliwa hapa. Nimesimama kwenye chumvi ile toka nina miaka saba, nikapanga samaki mpaka kucha zikang'oka. Kwetu wanaume huvua na wanawake hutia chumvi. Hata kichaa wa Flushing anajua. Mimi, nikiandika, sikukumbuka.

Bi Uren hakuwa na ubaya. Alitetea kazi yake. Nilipomgeukia aliona uso wangu, akaziba mdomo kwa aproni. Alikuwa amechelewa.

Bwana Cuttance aliweka kalamu chini.

"Umeandika uongo juu ya mzigo."

"Bwana..."

"Barua ya uongo siipitishi, Keziah. Kamwe haijapita mbele yangu."

Maneno yalinifika kwenye meno: ilipita! Uongo wangu mkubwa kuliko huu ulipita hapa hapa, chini ya pua yako! Lakini Mzee Sampson alikuwa amegeuka mweupe kama tanga lake jipya. Nikameza.

"Pakieni mfuko," Bwana Cuttance aliwaambia mabaharia. "Tumemaliza."

"Hamjamaliza."

Sauti hiyo niliijua. Nilimwacha Flushing, nikamwapisha asitoke nje, maana hana meli wala karatasi. Alikuwa amevuka kwa mvushaji yule yule, akasikia yote akiwa nyuma ya watu, kofia ya marehemu baba yangu imemfunika mpaka masikioni.

"Shemeji, rudi!" nilisema chini chini. "Wakamataji wako pale!"

"Nimewaona." Akanipita. "Bi Uren, chumvi iko wapi?"

"Hannibal..." Bi Uren alianza.

"Chumvi, mama."

Alimletea ndoo. Hannibal akapiga mfuniko wa kipipa kwa kisigino, akamwaga samaki wote juu ya mawe ya gati, akapiga magoti, akaanza kuwapanga upya.

Kisha wanawake wa ghala wakashindwa kuvumilia.

"Vichwa nje, baba! Mikia ndani!"

"Unamlaza samaki kama mlevi mtaroni!"

"Hiyo si chumvi, hayo ni mazishi! Punguza mkono!"

"Mtafutieni bwana arusi aproni!"

Hannibal aliendelea. Safu ya samaki, chumvi. Safu ya samaki, chumvi. Chumvi iliingia kwenye vidonda vya pingu, nikaona taya linavyomkaza. Bi Uren naye aliona. Alipiga magoti kando yake, mikono nyuma asije akagusa, akamwelekeza kwa kidevu tu.

"Hapo pameachia. Haya. Bonyeza. Haya, mwanangu."

Hannibal akafunga mfuniko, akainuka, akamgeukia Bwana Cuttance.

"Nani amewatia chumvi samaki hawa?"

Bwana Cuttance alitazama kipipa. Akatazama barua. Akatoa saa, sijui kwa nini.

"Wiki hii," alisema. "Nimeona mwenyewe." Na naapa kwamba alifurahi. "Ila lazima nimtambue mtiaji. Jina kamili?"

"Hannibal Tregaskis."

"Hannibal Tregaskis," alirudia huku akiandika kwenye fomu yake, kwa ile sauti yake ya dirishani inayosikika mpaka ng'ambo ya maji. "Baharia?"

"Baharia."

"Umeandikishwa meli gani?"

Hannibal alitupia jicho mlango wa baa.

"Haihusu samaki!" nilidakia.

"Inahusu mtiaji. Meli gani?"

"Sina meli, bwana."

"Hana meli. Karatasi ya kinga?"

"Bwana Cuttance, tia sahihi, nakusihi!"

"Sina," Hannibal alisema.

"Hana." Akatia sahihi, na chini yake akaandika kwa mwandiko mzuri: *Nimeshuhudia mwenyewe leo.* Akaikunja barua bila lakiri, akaichomeka chini ya kamba ya kipipa. "Halali. Peleka."

Mzee Sampson alikinyakua kipipa kama mtoto aliyeokolewa motoni, akaruka ndani ya mashua. Makasia yakashuka. Nilimkumbatia Hannibal na kumlowesha kwa machozi, na Bi Uren akatukumbatia wote wawili na harufu yake ya samaki.

Nilihisi mwili wa Hannibal umekuwa mgumu.

Luteni alikuwa nyuma yetu na bilauri yake mkononi.

"Hannibal Tregaskis," alisema kwa upole. "Baharia. Hana meli. Hana karatasi. Nakushukuru, Bwana Cuttance."

Bwana Cuttance alipepesa macho. "Mimi sikukuita."

"Hukuniita. Nina masikio."

Watu wanne wakamshika. Wanawake wa ghala waliwarukia kwa mayowe na viatu vya mbao. Bi Uren alimpiga mmoja kwa ndoo ya chumvi, lakini wanaume wale walikuwa na virungu, tena wamezoea kazi yao.

"Amefika jana tu kutoka gereza la Wafaransa!" nilimpigia kelele luteni. "Miaka miwili hajamwona mke wake!"

"Vita vikiisha atamwona."

"Vitaisha lini?"

"Mwulize Mfaransa."

Nilimgeukia Bwana Cuttance. "Fanya kitu! Wewe ndiye uliyelitangaza jina lake!"

Alikuwa ameshika karatasi zake kifuani. "Mimi... fomu ina nafasi ya meli," alisema. "Ina nafasi. Ni lazima ijazwe."

Hapo Hannibal aliacha kuwavuta wale watu, akageuza kichwa baharini. Mashua haikuwa imefika mbali. Mzee Sampson alikuwa amesimama ndani yake, anatazama, na wapiga makasia wamesitisha.

"Mzee Sampson!" Hannibal alipaza sauti. "Litupe pipa!"

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Shemeji, unasema nini?"

"Litupe majini!" Kisha akaniambia mimi, pumzi zikimkatika: "Keziah, akiipata ile barua atamkataa Hext. Ataondoka kwenye ile nyumba, atarudi hapa angoje. Atamngoja nani? Mtu wa manowari? Miaka mitano? Kumi? Na mzinga ukinipiga mwezi ujao, nani atamwambia?"

"Ni mke wako mbele ya Mungu! Akiolewa ni dhambi!"

"Ni dhambi akijua. Hajui. Wewe ndiye uliyemwambia hana mume." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Basi mwache na barua yako ya kwanza. Nimeshakufa mara moja. Ameshalia."

"Twende," alisema luteni.

Kutoka majini sauti ya Mzee Sampson ilikuja, nyembamba, na kipipa kimekaa juu ya ukingo wa mashua, nusu ndani, nusu nje.

"Keziah! Mwenye barua ni wewe! Niitupe au niipeleke?"

Bwana Cuttance alikohoa kando yangu. Nadhani alitaka kunisaidia, maskini, kwa kitu pekee alichokuwa nacho.

"Ni kweli," alisema. "Ikishakubaliwa, aliyeandika tu ndiye anayeweza kuizuia. Ila ni sasa hivi. Ikigusa meli, huwezi tena."

Mlingoti wa mbele wa meli tayari ulikuwa unapandishwa tanga.

"Sema, mwanamke," Bi Uren alininong'oneza. "Sema kitu."

Nikakusanya viganja mdomoni, nikavuta pumzi, na Hannibal, mikono yake imekunjwa mgongoni, akanigeukia anisikie. Nililosema mtalisoma wiki ijayo.